Sekunde za Damu ya Rosa

Jumatano, 18 Februari 1998

Leo ugonjwa wa dada Rosa umepata jina. Naandika yote usiku huu huu, maana nikiogopa nasahau, na leo nimeogopa sana.

Tangu ajifungue mwezi uliopita amekuwa akiumwa tumbo chini ya mbavu za kulia. Zahanati ya mtaani ilimtibu malaria mara mbili, taifodi mara moja. Mjomba Stefano alituma neno kutoka Mgeta kwamba ni chango la uzazi, akatuma na chupa ya dawa ya mizizi. Tumbo likaendelea kujaa. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, mchana nikampeleka kliniki mpya ya binafsi yenye mashine ya altrasaundi. Daktari Kibwana, ambaye asubuhi huwa hospitali na mchana huwa hapo kliniki, alimpaka mafuta baridi tumboni, akazungusha chombo cha mashine mahali pamoja mara kadhaa. Kisha akanigeuzia kioo.

"Unaona hapa? Huu mshipa unatakiwa uonekane mweusi, ndiyo damu inayopita. Sasa tazama. Una weupeweupe. Hilo ni bonge la damu iliyoganda."

Akatueleza kwamba damu yote inayotoka tumboni na kwenye utumbo hupitia mshipa huo kwenda kwenye ini. Mwanamke aliyetoka kujifungua damu yake huganda upesi kuliko kawaida. Ya Rosa imegandia mahali pabaya.

Nikauliza likiachwa itakuwaje.

"Likiachwa linarefuka kurudi nyuma, utumbo unakosa damu, unakufa. Au damu inalazimisha njia nyingine. Mishipa ya kwenye koo la chakula inavimba, siku moja inapasuka, anatapika damu."

Rosa alikuwa anajifuta mafuta. Akasema, "Daktari, wenzako huanza na habari njema."

"Habari njema ni kwamba nimeliona, mama."

Alazwe leo leo. Sindano za heparini siku saba, pamoja na vidonge vya warfarini ambavyo atavimeza miezi sita. Damu itapimwa inachukua sekunde ngapi kuganda. Ya mtu mzima wa afya ni kumi na mbili au kumi na tatu. Ya Rosa inatakiwa ifike kati ya ishirini na nne na thelathini. "Chini ya hapo bonge linashinda," alisema. "Juu ya hapo anavuja."

Mume wake, shemeji Anselmi, yuko njiani na lori la mboga kwenda Dar. Kwa desturi yetu sisi Waluguru, neno la Mjomba lilitakiwa lisubiriwe, maana mtoto wa dada ni wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Sikusubiri. Nilisaini mimi, karani wa masijala mwenye miaka ishirini na mbili. Saini haikufanana na yangu.

Ijumaa, 20 Februari

Sindano asubuhi na jioni. Mvua haijakatika tangu jana.

Alhamisi, 26 Februari

Ameruhusiwa. Sekunde kumi na nane. Atakaa kwangu, kwenye vyumba vyangu viwili vya Kichangani, hadi vipimo vitulie. Muuguzi alimvuta kope ya chini, akasema, "Huyu damu imempungua. Ale mboga za majani kwa wingi." Niliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Rosa ameweka nadhiri: Kwaresima yote hatagusa nyama wala samaki, akitumaini Mungu atamfungulia mshipa. Nilimwambia Mungu hamkatazi mgonjwa kula. Akasema, "Tere, wewe una saini yako, mimi nina nadhiri yangu."

Jioni Anselmi alisimamisha lori mbele ya nyumba, akashusha kapu kutoka kwa mama: figiri, spinachi, majani ya maboga, kabichi mbili. Mama amesema kila lori likishuka litaleta.

Alhamisi, 5 Machi

Sekunde kumi na tano. Zimeshuka. Daktari ameongeza, sasa kidonge kimoja na nusu.

Jumatatu, 9 Machi

Mtoto analia, Rosa ananyonyesha huku akiuma kona ya khanga kwa maumivu. Mchana na jioni nimepika figiri kwa nazi.

Alhamisi, 12 Machi

Sekunde kumi na nne.

Daktari Kibwana aliweka kalamu chini. "Mama, niambie kweli. Vidonge unavimeza au unavitupa?"

"Muulize huyu. Ananisimamia kama askari magereza."

Ni kweli. Namtazama akimeza, halafu namwambia afungue mdomo. Daktari akaniuliza kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, ya kienyeji labda. Nikasema hapana. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa naiwaza chupa ya Mjomba. Nimeitafuta chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, jikoni. Haipo. Sasa iko wapi?

Vidonge viwili.

Jumapili, 15 Machi

Mjomba amekuja. Alishuka na lori la alfajiri, akaingia amevaa koti lake la ibada, amelowa hadi magotini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakukaa. "Kwa hiyo mjini siku hizi mpwa ndiye anayekubali, mjomba anapashwa habari."

Nilimweleza habari ya mshipa, ya bonge, ya sekunde. Alisikiliza akiwa ameangalia karatasi yangu ukutani. Kisha akauliza swali moja: "Na huyo daktari wako ameshawahi kumponya mtu mwenye ugonjwa huu?" Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Nilikasirika kwa sababu sikuwa nimeuliza.

Walikaa wawili chumbani muda mrefu, yeye na Rosa. Walipotoka Mjomba alikuwa ameshikilia kitu ndani ya koti. Nina hakika ni chupa. Amemnywesha, mimi nikiwa jikoni nachemsha majani ya maboga. Nimemuuliza Rosa, akacheka: "Mambo ya mtu na mjomba wake." Namuogopa huyu mzee. Ana sauti ndogo, na kila mtu anamtii.

Alhamisi, 19 Machi

Sekunde kumi na tano. Vidonge viwili na nusu.

Jumanne, 24 Machi

Kazini wanasema orodha ya watakaopunguzwa itatoka shirika likishapata mnunuzi. Mkuu wangu alinikuta nasinzia juu ya majalada: "Theresia, wewe siku hizi masijala yako iko wodini?" Wenzangu walicheka. Nami nilicheka.

Alhamisi, 2 Aprili

Sekunde kumi na saba. Vidonge vitatu. Daktari amesema hajawahi kumpa mwanamke wa umbo hili vidonge vitatu. Rosa amepungua, mabega yamebaki mifupa, tumbo tu ndilo linaloonekana. Bado anatania. Amesema akifa nimwandikie kwenye msalaba idadi ya sekunde.

Sikucheka.

Jumanne, 7 Aprili

Barabara ya Mgeta imekatika juu ya Mlali. Kipande cha mlima kimeteremka usiku na kufunika njia. Anselmi na lori lake wako upande wa juu. Watu wanasema mvua hizi za El Nino hazijawahi kuonekana tangu Uhuru.

Kapu la mama lilikwisha jana.

Alhamisi Kuu, 9 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kipimo, ila fundi wa maabara amekwenda kwao Turiani kwa ajili ya Pasaka. Tumeambiwa turudi Alhamisi ijayo. Wiki moja tu, nimejiambia.

Sokoni meza za mboga ziko tupu. Nimepika maharage.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili

Nadhiri ya Rosa imekwisha. Jirani yetu Mama Selemani ametuletea pilau ya nyama, sahani imejaa hadi inamwagika. Yeye ni Mwislamu, lakini amesema Pasaka ya mgonjwa ni ya mtaa mzima. Rosa alikula hadi akajilaza. Muda mrefu sijamwona akila hivyo. Amesema maumivu yamepungua. Nilitoka uani nikalia kidogo, kwa furaha.

Jumanne, 14 Aprili

Rosa alipopiga mswaki alitema damu. Mswaki ni mpya, labda ni mgumu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimeshindwa kuandika siku mbili. Sasa naandika nikiwa nimekaa sakafuni wodini, na nitajaribu kufuata mpangilio.

Jumatano kulipopambazuka Rosa aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, amekinga beseni la kuogeshea mtoto. Alikuwa ametapika damu. Si michirizi. Ilikuwa nyeusi, ina mabonge, na juu yake nyekundu mbichi. Puani pia ilikuwa inatoka. Akasema, "Mtoto mpeleke kwa Mama Selemani," kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akatapika tena.

Mume wa Mama Selemani alitupakia kwenye pikapu yake. Hospitali, Daktari Kibwana alifika mbio, fulana ikionekana chini ya koti jeupe. Damu waliyoitoa mkononi waliiweka kwenye kichupa, ikakataa kuganda. Fundi wa maabara, aliyekuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo, aliacha kuhesabu ilipofika sekunde sabini.

"Nini kimebadilika?" Daktari aliniuliza. "Asprini? Dawa ya kichwa? Dawa za kienyeji? Sema, dada, huu si muda wa aibu."

Na pale pale, mlangoni mwa wodi, akatokea Mjomba Stefano. Alikuwa na tope hadi kiunoni, kapu kichwani, fimbo mkononi. Alitoka Mgeta Jumanne asubuhi kwa miguu, akalala Mlali, akaendelea gizani.

Nilimrukia kwa maneno. Sikumpa shikamoo. Nilisema, "Ni wewe! Ni chupa yako! Umemnywesha mizizi kwa siri, sasa tazama, tazama ulichofanya!" Wagonjwa wote waligeuka. Sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima maishani mwangu.

Mjomba alishusha kapu polepole. Akasema, "Chupa alinirudishia mwenyewe, siku ile nilipokuja. Alisema hawezi kutumikia dawa mbili. Aliniomba nisikwambie, usije ukadhani amenivunjia heshima." Akapumua. "Iko nyumbani kwangu. Nta ya kizibo haijaguswa."

Rosa, macho yamefumbwa, alitikisa kichwa kukubali.

Hapo Daktari akalitazama kapu.

"Hizi ni za nani?"

"Za mgonjwa," alisema Mjomba. "Mama yake amehangaika. Amesema njia imekatika, mtoto hajala majani wiki nzima."

Daktari alichutama, akalifunua. Figiri, spinachi, majani ya maboga, yamefungwa mafungu kwa kamba za mgomba. Akaniuliza, taratibu sana, "Amekuwa akila kiasi gani?"

"Bakuli mchana, bakuli jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu atoke wodini. Ni Kwaresima, hakula kitoweo kingine."

"Na mara ya mwisho?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Daktari alikaa juu ya kitanda kitupu. Alisema ndani ya majani hayo mna vitamini ambayo ini huitumia kugandisha damu, na kazi yote ya warfarini ni kushindana na vitamini hiyo. Alikuwa anapandisha vidonge na mimi napandisha bakuli, kila mmoja jikoni kwake. Njia ilipokatika bakuli likaondoka, vidonge vitatu vikabaki peke yao ndani ya mwili wake.

"Mbona hukutuambia?" niliuliza.

"Sikuuliza," alisema. "Kitabuni imo. Nimekulia Bagamoyo, dada. Kwetu mtu akisema amekula, amekula samaki."

Muuguzi wa ile siku ya kope alikuwa amesimama karibu. Aliangalia sakafu. Sikumlaumu. Karatasi niliibandika mimi, sufuria nilishika mimi.

Dawa ni sindano ya hiyo hiyo vitamini K, na damu mbichi. Damu walinitoa mimi hapo hapo, chupa moja, makundi yetu yanafanana. Lakini sindano stoo haikuwepo, na maduka mawili ya dawa hayakuwa nayo. Daktari alikumbuka kwamba masista wenye nyumba ya wazazi kule Bigwa huwachoma watoto wachanga sindano hiyo. Akaandika barua. Nilipoinuka wodi ilizunguka, nikashika ukuta.

"Twende," alisema Mjomba. "Ukianguka nitakubeba. Nimeshabeba kapu, nitabeba na wewe."

Mkuu wa nyumba ile, sista mfupi mwenye miwani, alisoma barua mara mbili. "Ninazo ampuli mbili tu za sindano hiyo. Ninazigawa kwa watoto, moja huwatosha wengi. Na sasa hivi nina wanawake watatu kwenye uchungu."

Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu ni bora kuliko watoto wa watu?

Mjomba alivua kofia. "Sista, ukitupa zote utakuwa umewanyima hao, na mimi sitaki kubeba mzigo huo. Tupe moja. Mungu akiona haitoshi, mimi nimeshasema neno langu."

Alitupa moja. Daktari aliichoma kwenye mshipa polepole sana, akiangalia saa, na Mjomba na mimi tukiangalia midomo ya Rosa. Adhuhuri alitapika mara moja tena. Alasiri hakutapika. Jioni puani palikauka.

Nimemwomba Mjomba msamaha leo asubuhi. Alisema, "Uliniona mimi ndiye mchawi. Ungekuwa mjinga kama usingemshuku mtu." Halafu akasema nikale.

Jumatatu, 20 Aprili

Anaongea. Vidonge vimesimamishwa. Mboga pia.

Jumatatu, 27 Aprili

Maumivu yamerudi, pale pale chini ya mbavu.

Jumamosi, 2 Mei

Amepigwa altrasaundi ya pili. Bonge limerefuka kwa nusu ya kidole. Daktari alitukalisha: Rosa, Mjomba na mimi. Anselmi bado hajapata njia.

"Sitawaficha," alisema. "Nikirudisha vidonge, ile mishipa ya koo inaweza kupasuka tena, na ampuli hatuna. Nisipovirudisha, bonge litafika kwenye utumbo. Hapo hata Dar watafungua tumbo na kulifunga bila la kufanya. Nataka neno la familia Jumatatu."

Mjomba alinigeukia. "Mara ya kwanza ulisema bila mimi. Sasa niko hapa, nasema wewe ndiye useme. Unajua kusoma hizo sekunde, mimi sijui."

Nilitamani anikataze. Siku zote nilidhani ninachokiogopa kwake ni amri yake. Nimekaa hadi sasa nikiandika *virudishwe* na kukata, *visirudishwe* na kukata.

Jumatatu, 4 Mei

Virudishwe. Nilisema mimi. Kidonge kimoja na nusu, na mboga ngumi moja kila siku, si zaidi, si pungufu, hata kama ni sikukuu, hata kama hana hamu. Napima kwa ngumi yangu kabla ya kuosha. Mjomba amerudi Mgeta kwa miguu kumweleza mama, maana ni vigumu kumwambia mama apunguze kumpelekea mtoto wake chakula.

Alhamisi, 7 Mei

Kumi na nane.

Alhamisi, 14 Mei

Ishirini na mbili. Figiri hazipatikani, nimepata mchicha. Daktari amesema ngumi ni ngumi.

Jumanne, 19 Mei

Orodha imetoka kazini. Jina langu limo, la tano. Nilitarajia kuumia zaidi. Nilichowaza ni kwamba sasa sitaomba ruhusa.

Alhamisi, 21 Mei

Ishirini na sita! Daktari Kibwana aliinua karatasi juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Hapo hapo. Msiguse kitu." Rosa akamwambia, "Sasa naomba ndizi na samaki, kama kwenu." Daktari akacheka hadi akavua miwani.

Alhamisi, 28 Mei

Maabara imeishiwa dawa ya kupimia. Fundi alitufungulia jokofu atuonyeshe, kana kwamba tungemshuku. Hajui itakuja lini. Labda wiki mbili, labda mwezi. Kutuma damu Dar haifai, ikifika imeshaharibika. Kumpeleka Rosa mwenyewe Dar kila wiki, kwa barabara hii na tumbo hili, Daktari amekataa.

"Kwa hiyo tunameza bila kujua," nilisema.

"Mnameza bila kujua," alisema. "Kila asubuhi mtazame fizi, mkojo na choo. Ukiona wekundu au weusi, acha kidonge, mlete. Sina kingine cha kukupa."

Tulirudi nyumbani. Saa mbili usiku, saa ya kidonge, nilimimina kimoja na nusu mkononi, nikashindwa kumkabidhi. Kila nikikiangalia naona beseni. Nilimwambia, "Dada, tusubiri. Tusubiri siku mbili, labda dawa ya kupimia itakuja."

Alikuwa ananyonyesha. Alinitazama, macho yake ya njano kidogo pembeni tangu atapike damu.

"Tere. Tangu Februari mmenisainia, mmenipikia, mmenipigia kura. Nimekaa tu kama gunia la kabichi. Mimi ndiye ninayelijua hili bonge. Usiku nikilala ubavu nalisikia. Sitaki kulisubiri."

"Na ukivuja?"

"Utaniona. Wewe huwa huoni kingine."

Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akafungua kiganja cha kulia.

"Nipe."

Nikampa. Akameza, akafungua mdomo wazi nitazame, akaulaza ulimi nje kwa kunitania.

Ijumaa, 29 Mei

Ameamka. Fizi safi. Choo cha kawaida. Nimepima ngumi moja ya mchicha.